Steringi Hafi: niliyoongea Jumamosi kuhusu mashabiki wa picha na siasa

Wengi mmeniomba niwaandikie yale niliyoongea Jumamosi kwa vijana wanaojifunza kutengeneza filamu. Nimeyatoa kwenye rekodi ya simu, nimeondoa vikohozi na ile sehemu maiki ilizima nikabaki naongea na feni. Mengine nimeyaacha yalivyotoka.

Shikamooni wakubwa, mambo vijana. Asanteni kunialika, japo aliyenipigia simu aliniambia niongelee mchango wa sanaa katika maendeleo na mi mada iyo siiwezi, nitasinzia mwenyewe kabla yenu. Mi nitaongelea mashabiki. Wasanii wanaongelewa kila siku, wana tuzo zao, wana mahojiano yao. Mi namtaka yule aliyelipa kiingilio akakaa kwenye benchi akaanza kumfokea adui kwenye TV utadhani adui anamsikia. Huyo mtu ana mambo mengi kuliko mnavyomchukulia, na kuna sehemu duniani ameshaweka serikali madarakani, mara kadhaa.

Mi nimekulia Tanga, Ngamiani, mjomba wangu alikua na kibanda umiza. Nyie wadogo labda mnasikia jina tu. Kibanda umiza ni chumba cha mabati, TV moja, deki moja, mabenchi, watu 60 ndani na dirisha limezibwa na gunia ili wasiolipa wasichungulie, joto lake unatoka shati unalikamua. Kazi yangu ilikua kukusanya kiingilio mlangoni na kurudisha mkanda nyuma ukiisha. Nilianza nina miaka kumi na moja, kwaiyo elimu yangu ya filamu yote nimeipata nimesimama mlangoni nikiwaangalia wanaoangalia.

Sheria ya kwanza ya kibanda mnaijua wote hata kama hamjawahi kukaa kwenye lile benchi. Steringi hafi. Apigwe risasi, atumbukie mtoni, achomewe ndani ya nyumba, atatokea. Sasa mkumbuke Sholay, ile ya 1975, Amitabh Bachchan na Dharmendra wahalifu wawili wanakodiwa na Thakur wamkamate jambazi Gabbar Singh. Amitabh anakufa. Pale kwetu palikua na ugomvi usioisha, steringi ni nani? Waliompenda Amitabh walikua hawana pa kushika maana sheria ni sheria, kama kafa basi hakua steringi, alikua rafiki wa steringi. Mpaka siku moja mzee mmoja muuza kahawa akaamua kesi, akasema Amitabh ni steringi aliyepata ajali. Watu wakaridhika. Mi mpaka leo sijasikia mhakiki aliyesema kitu kizuri kuliko icho.

Na hapo kuna jambo tulikua hatulijui. Ile picha ilishabadilishwa mwisho kabla haijatufikia. Mwongozaji Ramesh Sippy alikua amepiga mwisho ambao Thakur anamuua Gabbar kwa kumkanyaga, maana Thakur hana mikono, Gabbar alishamkata. Lakini mwaka ule waziri mkuu wa India, Indira Gandhi, alikua ametangaza hali ya hatari nchi nzima, bodi ya ukaguzi ikagoma, raia asionekane anachukua sheria mkononi. Na mtu mwenyewe hana mikono! Ikabidi polisi watokee dakika za mwisho wamchukue Gabbar. Tuliuona huo mwisho miaka yote tukadhani ndo matakwa ya aliyeitengeneza.

Ila mjomba wangu nae alikua mkaguzi, tena mkali kuliko bodi. Kuna mkanda mmoja wa kihindi aliuleta kutoka Dar, kava lilishachanika na jina sikulijua, steringi anaungua ndani ya godauni mwishoni na hatoki. Siku ya kwanza kuuonyesha watu walisubiri. Mkanda ukaisha, maandishi yakapanda, steringi hajatoka. Jamani, palichafuka. Watu wanadai hela zao, mmoja anasema mjomba kakata mkanda ili auze mwisho wake kesho kwa kiingilio kingine, mwingine ameshika deki anasema haondoki. Mjomba alirudisha hela ya nusu ya watu. Kesho yake jioni akauweka tena, mi namshangaa, ukafika pale godauni linashika moto, steringi yumo ndani anakohoa, mjomba akachomoa waya nyuma ya ukuta akaingia na tochi akasema poleni ndugu zangu umeme umekatika. Watu wakatoka wamefurahi! Njiani wanahadithiana jinsi steringi atakavyotoka, kila mtu na njia yake, huyu kupitia paa, huyu kupitia mtaro. Ule mkanda ulipigwa wiki tatu na umeme ulikatika kila siku dakika ileile na hakuna aliyeuliza.

Mnacheka, lakini Bombay walifanya hivohivo. Mwaka 1982 Amitabh anapiga picha ya Coolie, kwenye ngumi moja akaumia tumbo vibaya, akalazwa karibu na kufa. India nzima ikaingia misikitini na mahekaluni kumuombea. Akapona. Na kwenye ile hadithi ilikua imepangwa afe mwishoni, mwongozaji Manmohan Desai akabadilisha, mtu ametoka kupambana na kifo kweli halafu wewe unamuua kwenye picha, utaongea nini na wale walioomba? Mliowahi kuiangalia mnakumbuka pale kwenye ngumi picha inaganda na maandishi yanatokea, ndo sehemu yenyewe aliyoumia. Ikatoka 1983. Mwaka 1984 Amitabh akagombea ubunge Allahabad, akamfagia mwanasiasa mkongwe kabisa, na 1987 akajiuzulu kwa sababu siasa ilimshinda. Maombi yalimpeleka mpaka mlangoni, ndani ikabidi aongee mwenyewe.

Lakini Amitabh sio mfano wangu mkubwa. Mfano wangu uko kusini zaidi, jimbo la Tamil Nadu hukohuko India, na picha za kitamil huku kwetu hazikufika sana maana Wahindi wa kwetu wengi asili yao Gujarati na Kachi, vibanda vyetu vilikua na picha za Bombay. Kwaiyo vumilieni nitaje majina mageni kidogo.

Kule kulikua na chama kinaitwa DMK, kilianzishwa 1949, kiongozi wake C. N. Annadurai, na hawa jamaa kazi yao kubwa ilikua kuandika michezo ya jukwaani na picha. Kijana wake M. Karunanidhi ndo aliandika maneno ya Parasakthi, 1952, picha iliyowasema makuhani na matajiri wazi wazi mpaka wakubwa wakataka ifungiwe. Kwanini picha? Kwa sababu redio ilikua ya serikali, gazeti mtu asiyejua kusoma atalifanyia nini, lakini picha ilikua inafika kijijini ndani ya mahema. Ndio, mahema. Watu wanakaa chini mchangani, tiketi bei poa, wanawake na watoto wanaenda. Nilivyosoma hiyo habari ya mahema ya Tamil Nadu nikaona Ngamiani kabisa, vibanda umiza vya wenzetu, tofauti tu ni kwamba kuna chama kilipita pale kikaangalia wale watu wa chini kikasema hawa ndo wapiga kura, wakati wasomi wanaona wahuni wanapoteza muda.

Sasa ndani ya DMK akaingia muigizaji mmoja, M. G. Ramachandran, kwa kifupi MGR. Alizaliwa 1917 Sri Lanka, wazazi wake watu wa Kerala, yaani hata Mtamil wa kuzaliwa sio. Alikulia kwenye umaskini, akaanza kuigiza jukwaani akiwa mtoto. Huyu mtu alielewa kitu ambacho mjomba wangu alikielewa baada ya kurudisha hela. Alielewa kwamba shabiki hanunui uigizaji, ananunua uhakika. Akawa mkali sana kwenye kuchagua nafasi. Kwenye picha zake karibu zote hagusi pombe, havuti sigara, anampenda mama yake, hamgusi mke wa mtu, anapigana na tajiri anayenyanyasa watu. Na anabadilisha kazi. Kwenye Padagotti ya 1964 ni mvuvi. Vivasayi, 1967, ni mkulima. Rickshawkaran, 1971, anaendesha rikshoo. Ivi mnaona anachofanya? Anapita kila kijiwe. Mvuvi akitoka hemani anajua MGR ni wake, mkulima nae ivo ivo, na waendesha rikshoo wa Madras, ndo Chennai ya leo, alishawanunulia makoti ya mvua kweli kweli, sio kwenye picha. Mtu wa rikshoo amevaa koti alilopewa na steringi, halafu unataka kumwambia aje atofautishe picha na maisha, atofautishe vipi na koti liko mwilini!

Wakamuita mwalimu. Kwa kitamil ni vaathiyaar. Sisi hapa uzito wa neno ilo hatuhitaji kufundishwa.

Na mwaka 1958 akatengeneza picha kwa hela yake, Nadodi Mannan, akaongoza mwenyewe, akacheza watu wawili, mfalme na mtu wa kawaida anayefanana nae, na yule mtu wa kawaida anakaa kwenye kiti cha enzi kwa muda anaanza kutangaza sheria mpya, za wakulima, za maskini. Nembo ya kampuni yake mwanzoni mwa picha ni watu wameshika bendera ya DMK. Hiyo ni ilani ya uchaguzi yenye nyimbo na mapanga, na watu wanalipa kuisikiliza. Niambieni chama gani leo mtu analipa kiingilio kusikiliza ilani yake.

Haya, lakini mi sikuja kumsifia MGR, nimekuja kuongelea mashabiki, na ili muwaone vizuri lazima niwaletee mpinzani wake, Sivaji Ganesan. Ndo huyo aliyecheza Parasakthi. Ukiwauliza wanaojua kuigiza watakwambia Sivaji alimzidi MGR mbali sana, mbali sana, uso wake ulikua unaongea peke yake. Mashabiki wa hawa wawili walikua kama Simba na Yanga, kila mtaa umegawanyika, mabango yanachanwa usiku, harusi zinaharibika. Sivaji alilia kwenye picha, aliteseka, aliugua, alikufa. Watu walienda kulia nae na kurudi nyumbani wameridhika. Basi Sivaji nae mwaka 1988 akaanzisha chama chake, 1989 akagombea, akashindwa hata kwenye kiti chake mwenyewe. Wale waliomlilia miaka 36 hawakumpa kura.

Hapa ndo nataka mkae sana. Watu wanasema mashabiki wanachanganya picha na ukweli, ni washamba, wanachagua sura. Kama ingekua ivo Sivaji angeshinda. Mashabiki walikua wanatofautisha vizuri kabisa. Walikua wanajua nani wa kulia nae na nani wa kumpa funguo. Unaweza ukasema vigezo vyao vibaya, sawa, lakini vigezo walikua navyo. Kule kibandani wale wavuta kamba na wapagazi wa bandarini waliokua wanabishana kuhusu Amitabh walikua wanabishana juu ya jambo zito, kwamba mtu wa kumtegemea ni yupi, yule mwenye akili anayekufa njiani au yule mropokaji anayefika.

Turudi kwa MGR. Tarehe 12 Januari 1967, wiki chache kabla ya uchaguzi, muigizaji mwenzake M. R. Radha, ambaye kwenye picha alizoea kucheza adui, akaenda nyumbani kwake, wakazozana, akatoa bastola akampiga MGR shingoni, akajipiga na yeye. Wote wakapona. Haya mambo ukiyaandika kwenye skripti mwalimu wako atakukata maksi, atasema hii haiaminiki, picha la kihindi. Adui kampiga steringi risasi na steringi hajafa! Wakachapa mabango ana bandeji shingoni, yakabandikwa jimbo zima. MGR akashinda ubunge akiwa hospitali, DMK ikakitoa chama cha Congress madarakani, na Congress haijawahi kurudi kuongoza jimbo lile mpaka leo. Sauti yake iliharibika moja kwa moja, ikawa nzito ya kukwaruza. Muigizaji aliyepoteza sauti. Mashabiki wakaipenda hiyohiyo sauti mbovu maana ndo ushahidi.

Annadurai akafariki 1969, Karunanidhi akachukua uongozi, na hawa wawili mwandishi na steringi hawakukaa vizuri. Mwaka 1972 MGR akasimama hadharani akataka hesabu za chama zitolewe, akafukuzwa. Sasa chama kinamfukuza mtu kikidhani kimebaki na matawi. Matawi yapi? Yale maelfu ya klabu za mashabiki, vijana wanaopamba majumba ya sinema picha mpya ikitoka, wanaochangia damu siku ya kuzaliwa kwake, wanaosaidia watu mafuriko yakija, wale walikua wake. Oktoba mwaka uleule akaunda chama chake na zile klabu zikageuka matawi. Hakukodi ofisi, hakutafuta makatibu, walikuwepo, na daftari la wanachama wanalo, na wanajuana mtaa kwa mtaa. Mei 1973 wakashinda uchaguzi mdogo Dindigul. Juni 1977 MGR akawa waziri kiongozi wa Tamil Nadu, na kiti icho hakukiachia mpaka alipofariki ukiondoa miezi michache ya 1980.

Jirani yao Andhra Pradesh wakaona. N. T. Rama Rao, huyu alikua amecheza mungu Krishna mara nyingi mpaka watu wanaenda kwake kama wanaenda hija, Machi 1982 akaanzisha chama, akapanda gari alilolitengeneza kama gari la vita la zamani akazunguka jimbo zima, Januari 1983 akachukua zaidi ya viti 200 kati ya 294. Miezi tisa. Mimba.

Sasa aliyechaguliwa na mashabiki alitawala vipi? Hapa ndo watu wanapenda kurahisisha na mi sitaki. Mwaka 1982 MGR alipanua chakula cha mchana mashuleni, mamilioni ya watoto wakawa wanakula shule, wasomi wa uchumi wakamcheka wakasema hela itatoka wapi, na baadae mpango wa namna iyo ukaenda India nzima. Yeye mwenyewe alisema alishalala njaa utotoni. Kwaiyo wale wa hemani hawakukosea, steringi alilisha watoto. Halafu mwaka uliofuata, 1983, serikali yake ikaunda shirika la umma la kuuza pombe, TASMAC, lipo mpaka leo na linaingiza mapato makubwa sana. Yule aliyejulikana kwa kutogusa pombe kwenye picha. Na shabiki yake yuleyule mvuvi, yuleyule wa rikshoo, ndo mteja.

Nimejiuliza sana mashabiki walilipokeaje hili na jibu nililolipata ni kwamba hawakulipokea, walichomoa waya. Kila jambo lisiloendana na steringi lilikua la wasaidizi wake, la wabaya waliomzunguka, yeye hajui. Hiki ndo kitu cha mashabiki kinachonitisha mimi. Chama cha kawaida kikivurunda mwanachama ananung'unika, anaandika barua, anahama. Shabiki anamlinda. Tawi lililoanza kama klabu ya kumpenda mtu likigeuka tawi la chama halina mahali pa kuweka swali, hakuna kiti cha mtu anayeuliza.

Oktoba 1984 akaugua figo na kiharusi akapelekwa hospitali Brooklyn, New York. Uchaguzi Desemba. Wapinzani wanasema ameshakufa mnadanganywa. Chama chake kikafanya nini? Kikaleta mkanda wa video! MGR kitandani, MGR anakula, MGR anapunga mkono, ukazungushwa kijiji kwa kijiji ukaonyeshwa usiku kwenye viwanja. Akashinda bila kukanyaga jimboni. Nilipoliona hili nilimkumbuka mjomba na tochi yake nikacheka peke yangu. Watu wanaambiwa steringi yuko ndani ya godauni na moto unawaka, halafu mtu anakuja na deki.

Akafariki tarehe 24 Desemba 1987. Mliokuwepo Leaders pale Kinondoni Aprili 2012 siku ya kumuaga Kanumba mnajua watu wakimpenda muigizaji inakuaje, basi zidisheni mara nyingi sana, na wapo waliojiua. Kiti kikagombaniwa na mke wake Janaki, aliyekua muigizaji, na Jayalalithaa, muigizaji aliyecheza nae picha 28, mpaka Jayalalithaa akakichukua 1991.

Tangu hapo kila steringi mkubwa wa kitamil anaulizwa swali moja, unaingia lini? Rajinikanth walimuuliza zaidi ya miaka ishirini. Desemba 2017 akasema naingia. Desemba 2020 akasema afya hairuhusu, siingii. Mashabiki wakakusanyika Chennai Januari 2021 kumuandamania, sio kumpinga, kumuomba abadilishe mawazo, mpaka akawaandikia akiwasihi wasimuumize zaidi. Fikirieni, mtu ana miaka 70, figo ya kupandikizwa, na watu wanamwambia we ni steringi hauwezi kufa, ingia. Kamal Haasan aliingia 2018, muigizaji hodari kupita maelezo, aina ya Sivaji, 2021 akashindwa kiti chake. Vijay akaanzisha chama 2024, akazigeuza klabu zake matawi kama mzee MGR, na Septemba 2025 kwenye mkutano wake Karur watu walimsubiri juani tangu mchana, umati ukasongana, wakafa watu 41, na watoto wakiwemo.

Ngoja niseme na ya huku kidogo maana naona mtu wa muda ananionyesha saa. Kenya wachekeshaji akina Redykyulass mwishoni mwa miaka ya 90 walimuigiza Moi kwenye TV akiwa bado ikulu, watoto wakaanza kuiga ile sauti mashuleni, na ukishazoea kucheka sauti ya mkubwa woga unapungua, mmoja wao John Kiarie leo ni mbunge Dagoretti Kusini tangu 2017. Ukraine, Zelensky alicheza mwalimu wa historia anayekua rais, mwalimu tena! Tamthilia ilianza 2015, chama kikapewa jina la tamthilia, Aprili 2019 akapata asilimia 73. Sisi wabunge wetu wa aina hiyo wametoka zaidi kwenye muziki, Sugu Mbeya 2010, Profesa Jay Mikumi 2015, na sababu yangu ni moja tu na mnaweza kuikataa, mashabiki wa Bongo Movie hawajawahi kuwa na matawi. Wana maoni mengi sana, wanatukana vizuri sana, ila hawana daftari. Matawi tumeyaweka kwenye mpira. Siku kijana mmoja wenu hapa atacheza boda boda asiyekunywa anayempenda mama yake, picha kumi mfululizo, halafu anunue makoti ya mvua, mniite.

Namalizia. Pale Chennai ufukweni Marina kuna kaburi la MGR, limejengwa kwa marumaru, watu wanaenda kila siku. Alizikwa na saa yake ya mkononi. Na watu wakifika wanapiga magoti wanaweka sikio kwenye jiwe wanasikiliza, maana inasemekana saa bado inagonga. Wengine wanakwambia wameisikia. Hii sio hadithi ya mtandaoni, nenda utawaona wamepanga foleni.

Mwaka juzi nilikua Tanga msibani nikakutana na mtu mmoja wa zamani, alikua mteja wa mjomba, mzee sasa, meno hana. Tukakumbushana ule mkanda wa godauni. Nikaona nimwambie ukweli, kwamba mjomba alikua anachomoa waya, kwamba steringi aliungua mle ndani. Akaniangalia kwa huruma. Akasema we ulikua mlangoni mwanangu, ulikua unakusanya hela, mi nilikua ndani. Alitoka kupitia paa.